Siku moja maishani mwangu: kujifunza "saku" jikoni

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua mlango wa nyuma wa mgahawa. Niko Hamamatsu, Japani, karibu na ziwa Hamana, na chakula chetu ni kimoja tu: mkunga wa kuchoma. Kitenzi cha Kijapani ninachokifanyia kazi siku hizi ni saku, yaani kupasua au kuchana.

Saa moja bosi wetu, tunayemwita Taishō, anaanza kupasua. Anamgongomea mkunga ubaoni kwa msumari wa kichwani, kisha kisu kinateremka toka shingoni hadi mkiani kwa mkupuo mmoja. Tokyo hupasua mgongoni, Osaka tumboni. Husimuliwa kwamba samurai wa Edo, yaani Tokyo ya zamani, walichukia tumbo lililopasuliwa, lililowakumbusha kujiua kwa upanga. Mimi naamini zaidi sababu ya jikoni: Tokyo humpika kwa mvuke kabla ya kumchoma mara ya mwisho, na akipasuliwa tumboni, nyama laini ya tumbo hukaa pembeni na kuchomoka kwenye vijiti.

Saa tatu nachomeka vijiti. Wapishi husema kuchomeka ni miaka 3, kupasua miaka 8, kuchoma ni maisha yote.

Saa tano hadi saa nane ni wateja mfululizo.

Saa tisa, tukila, ndipo namuuliza mke wa Taishō maswali yangu. Anachukua minofu ya kuku iliyochemshwa na kuichambua kwa vidole ikifuata nyuzi zake: hiyo ni saku. Kuchana karatasi ni yaburu. Kumega mkate ni chigiru. Kuvunja yai au sahani na kupasua kuni ni waru. Nimefurahi mno, maana kamusi ilinirundikia vitenzi hivi vyote bila kunionyesha mkono unafanya nini. Halafu ananisahihishia sauti: saku ya kupasua huanza juu ikashuka; ukianza chini ukapanda, umesema ua limechanua. Watu wakiwatenganisha wapendanao, nayo ni saku.

Saa kumi na moja tunafungua tena, mkaa umeshashika.

Saa tatu usiku, tukisugua mbao, namwomba Taishō anifundishe kisu. Anajibu, "Jikan, saite yaru yo." Ni saku ileile, ingawa huandikwa kwa herufi nyingine: atanimegea muda wake. Kesho nifike saa kumi na moja na nusu alfajiri, na nisiguse macho kabla ya kunawa, kwa kuwa damu mbichi ya mkunga ni sumu.