Nozeli mara nyingi huonewa

Gari la petroli linapoanza kula mafuta kupita kawaida, lawama ya kwanza huiangukia nozeli. Zipo nozeli zinazoziba au kuvuja, sikatai, lakini nozeli yenyewe haiamui chochote: ni vali ndogo ya kunyunyizia petroli, yenye koili na sindano, hufunguka inapopata umeme na kujifunga umeme unapokatika. Pampu iliyomo ndani ya tangi huisukuma petroli kwa presha inayodhibitiwa, ambayo katika mifumo mingi inayonyunyizia kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, ni takriban baa 3. Kwa hiyo kiasi cha mafuta kinategemea zaidi muda ambao sindano imeinuka, nao ni milisekunde chache tu.

Muda huo hukokotolewa na kompyuta ya injini, ambayo haina kipimo cha mafuta. Inachopima ni hewa. Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, hivyo sensa ya hewa ikishaeleza kiasi kilichovutwa, na sensa ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, ikaonyesha kasi ya injini, kinachobaki ni kugawanya.

Kisha huja marekebisho, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, na sehemu yake hunata kwenye kuta za manifoldi, kwa hiyo kompyuta huongeza muda wa kunyunyizia. Sensa ya joto la maji ikiharibika na kuendelea kuripoti baridi wakati injini imeshapata moto, mafuta yatamwagwa kama vile ni alfajiri, plagi zitajaa masizi, na nozeli mpya hazitabadilisha lolote. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ambayo hutoa takriban volti 0.1 mafuta yakipungua na 0.9 yakizidi, ingeweza kusahihisha kosa hilo, ila kompyuta nyingi haziisikilizi mpaka ziamini kwamba injini imepata moto. D-Jetronic, mfumo wa Bosch wa kunyunyizia petroli uliofungwa kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, haukuwa na sensa hiyo kabisa, ulikadiria tu.

Kabla ya kulipia nozeli, mwombe fundi aunganishe mashine ya kusomea kompyuta asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na injini haijawashwa. Joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kusomeka karibu sawa. Yakitofautiana sana, aanze na sensa hizo.