Humpi, samoni wa asiye na mashua

Wenye mashua hapa Seattle wanamdharau humpi (pink salmon). Ukiwasikiliza dukani wanaponunua zana, samoni ni chinuki, ile aina kubwa, wa kilo kumi, na chinuki akikosekana basi aina nyingine, koho. Humpi, wanasema, nyama yake imelegea. Anafaa kwenda kiwandani akatiwe kwenye kopo, au akatwe vipande awe chambo cha kaa. Mimi namla kwa heshima zote, na nataka kumtetea, maana Waswahili wenzangu wengi wa Kent, Tukwila na Tacoma wameyaamini maneno hayo bila kumwonja humpi aliyevuliwa na kutunzwa vizuri.

Kati ya samoni watano wa Pasifiki wanaoingia Puget Sound, ule mkono wa bahari uliojipenyeza ndani ya jimbo la Washington, humpi ndiye mdogo kuliko wote: kilo moja na nusu, mbili, na kidogo juu ya hapo. Dume akikaribia mtoni huota nundu mgongoni, na wavuvi wakampa jina kwa nundu hiyo, kwa Kiingereza hump. Umri wake wote ni miaka miwili. Mayai hutagwa kwenye changarawe za mto wakati wa vuli, watoto hutoka baridi inapokatika na kushuka baharini moja kwa moja, hukulia huko Pasifiki, kisha hurudi mtoni kuzaa na kufa. Hakuna anayetangulia wala anayechelewa, kwa hiyo kizazi cha mwaka wa witiri hakichanganyiki na cha mwaka wa shufwa. Puget Sound karibu wote ni wa witiri: 2021, 2023, 2025. Mwaka wa shufwa unaweza kusimama ufuoni mwezi mzima wa Agosti ukamwona koho mmoja mmoja tu.

Na ufuoni ndipo penyewe. Chinuki mara nyingi hukaa kwenye kina, na wenye mashua humrambazia au humteremshia mshipi mpaka karibu na sakafu ya bahari. Humpi hupita kandokando ya pwani kwa makundi, umbali ambao mtu wa kawaida anaufikia kwa kurusha. Wanaoelekea mto Puyallup, kule Tacoma, hupita mbele ya Lincoln Park, West Seattle, jirani na gati la feri la Fauntleroy, kisiwa cha Vashon kikiwa ng'ambo. Kuingia hapo hulipi. Kizuri zaidi ni kwamba ufuo unatazama magharibi, na nyuma yake kuna genge lenye miti mirefu. Jua likichomoza, maji ya mbele yako hubaki kivulini muda mrefu, na humpi anapenda kula mwanga ukiwa hafifu. Waliosimama fuo zinazotazama mashariki wameshakunja vitu vyao, sisi bado tunavuta.

Mimi ni mtu wa Kipumbwi, Pangani. Nimekua nikimfuata bibi mwambani kutafuta pweza wakati wa bamvua, kijiti mkononi, na aliyetupangia kazi alikuwa mwezi. Hapa mwezi peke yake hautoshi. Kwetu maji mawili ya siku moja yanakaribiana kwa kimo. Puget Sound hayafanani hata kidogo. Kupwa kumoja kunaweza kuwa kukubwa mpaka mwani wa chini kabisa ulale juu ya mawe, na kupwa kwa pili, siku hiyohiyo, maji yakashuka kidogo tu yakageuka. Kiangazi makupwa makubwa huangukia mchana. Basi nasoma jedwali la maji, natafuta siku ambayo alfajiri inakuta maji yanajaa, na nafika kukiwa bado giza. Saa mbili za mwisho kabla maji hayajatulia juu ndizo ninazozithamini. Humpi huja nayo yanapopanda, karibu kabisa na mawe.

Zana si nyingi. Ufito wa mita mbili na nusu au zaidi kidogo, mshipi wa ratili kumi mpaka kumi na mbili, na chambo bandia cha chuma cha rangi ya pinki. Ufuo mzima hutumia pinki, na ukija na buluu utawatazama wenzako wakiopoa. Ninachokipenda ni Buzz Bomb, kile chenye umbo la almasi na tundu katikati: mshipi unapita ndani yake, na kikizama huzunguka na kutetemeka. Ndoana iwe ya ncha moja, isiyo na kijino. Hiyo ni sheria ya samoni huku, si hiari. Ukinunua yenye kijino, kibane kwa plaizi mpaka kilale.

Kisha simama utazame. Humpi anaruka, na mara nyingi huruka akielekea kule anakokwenda. Akiruka mara mbili umeshapata mstari wake. Tupa mbele ya njia yake, si pale alipoangukia, maana pale ameshaondoka. Acha chambo kizame, kisha inua ufito taratibu, ushushe, uzungushe kidogo kuondoa ulegevu, uinue tena. Mzee mmoja wa Kikambodia, ambaye msimu wote hakosekani karibu na bwawa la kuogelea la Colman, alinionyesha kwa kiganja chake: mkono ukipanda hakuna kitu, mkono ukishuka, hapo! Anakula kinaposhuka. Akishanasa usimvute kwa pupa. Mdomo wake ni laini na hutatuka, na kwa kuwa ndoana haina kijino, mshipi ukilegea mara moja tu amekwenda. Kaza, mpe nafasi akimbie, kaza tena. Na umwangalie sili, anayewasubiri samaki walionasa kuliko walio huru.

Sasa tufike kwenye kile wanachokilaumu. Ni kweli nyama ya humpi huharibika haraka kuliko ya chinuki. Lakini tazama jinsi wengi wanavyomtunza: anapigwa, anatupwa juu ya mawe ya joto, anakaa hapo mpaka saa nne asubuhi, kisha jioni mtu analalamika kwamba amelegea. Changu wa Pangani naye ungemfanyia hivyo angelegea. Akitoka majini muue mara moja kwa pigo la kichwani, kata mashavu yote mawili, mtie kwenye ndoo ya maji ya bahari damu imtoke. Maji yale ni ya baridi ya kuuma vidole hata Agosti, yanasaidia. Mtumbue palepale, umlaze kwenye boksi la barafu, si juu ya barafu bali ndani yake. Na mchague angali anang'aa fedha, magamba yakibaki mkononi. Dume aliyeanza nundu na kupauka ngozi, mrudishe aende akafanye kilichomleta.

Kabla ya kumpiga, mjue. Humpi ana madoa makubwa meusi ya duaradufu mgongoni na mkia mzima. Koho ana madoa upande wa juu tu wa mkia, na ufizi wake ni mweupe. Chinuki ufizi wake ni mweusi. Chinuki wa Puget Sound wamo kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini tangu 1999, na ndio chakula kikuu cha wale nyangumi weusi kwa weupe wa huku, ambao nao waliorodheshwa 2005. Msimu ukiwa umefungwa kwa chinuki na mmoja akanasa, mwachie akiwa bado majini, ndoana itoke kwa plaizi, usimbebe kwa picha. Kila samoni unayemchukua mwandike papo hapo kwenye kadi yako ya kumbukumbu ya uvuvi, kabla hujatupa tena. Kanuni hubadilika katikati ya msimu, kwa hiyo mimi huzisoma usiku wa kuamkia safari. Watoto wa miaka 14 kushuka chini hawahitaji leseni, ila kadi wanahitaji.

Utawasikia wengine ufuoni wakinung'unika wakiona mashua za Wamuckleshoot, kabila la wenyeji asilia wa hapa, na nyavu zao. Mimi huwajibu. Makabila haya yalitia saini mikataba miaka ya 1850, yakatoa ardhi yote hii na kujibakizia haki ya kuvua. Haki hiyo ilikanyagwa mpaka Jaji George Boldt alipoamua, mwaka 1974, kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni yao. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually, alikamatwa zaidi ya mara 50 kwa kuvua mtoni kwao. Mimi mgeni, niliyenunua leseni dukani, siwezi kumnung'unikia mwenye mto.

Jambo moja jingine kwa jamaa zangu wanaovua kwenye madaraja ya Duwamish, mto unaopita kwenye viwanda vya Seattle: samoni wanaopita pale ni salama kuliwa, kwa kuwa wamekulia baharini na wanapita tu. Samaki wanaoishi mtoni humo mwaka mzima, pamoja na kaa na chaza, msile wala msiwape wajawazito na watoto. Sumu za viwanda ziko kwenye tope la chini, na kupika hakuziondoi.

Nyumbani nampasua minofu miwili, ngozi ibaki. Chumvi nusu saa, kisha nafuta maji yaliyotoka. Hapo nyama hukaza. Saumu, tangawizi, pilipili, ndimu. Nachoma upande wa ngozi kwanza juu ya mkaa, namgeuza mara moja tu, kisha nampaka tui zito lililochemka na ukwaju na manjano mpaka lishike. Kichwa na mifupa ni supu ya asubuhi. Mume wangu, mtu wa Kigoma aliyelelewa kwa migebuka na asiyeamini samaki wa bahari yoyote, humla mpaka ngozi. Wa kwenye friza tunamaliza kabla ya mwaka mpya. Humpi aliyelala kwenye barafu mpaka Machi hana ladha, na huyo simtetei.