Mama na Darasa la Falsafa

Juzi binti ya kaka yangu alitupa picha mbili kwenye kundi la familia. Barua mbili za kukubaliwa: moja ya chuo kidogo cha huko Iowa, nyingine ya chuo kikuu cha jimbo chenye uwanja wa mpira mkubwa kuliko mtaa tuliozaliwa sisi. Chini akaandika, "Shangazi, wewe ulichaguaje?" Kabla sijapata miwani yangu, watu walishanijibia. Mmoja akasema kikubwa. Mwingine akauliza Iowa iko upande gani. Kaka yangu akatuma dua. Mimi bado sijajibu. Kila nikitaka kuandika jambo la maana, mambo ya ukubwa wa madarasa na misaada ya ada, namwona Mama amekaa mezani kwa watu na koti hajavua.

Ilikuwa Aprili 2015. Treni ya mjini, ile inayoitwa Green Line, ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ianze kazi, bado inanukia upya. Inatoka katikati ya Minneapolis, mji tuliokuwa tukiishi kule Marekani, inavuka mto Mississippi, inakwenda hadi St. Paul, na vyuo vyangu vyote viwili vilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Ukishuka mapema uko University of Minnesota, wanafunzi karibu 50,000, majengo yametapakaa pande zote mbili za mto. Ukivumilia mpaka kituo cha Snelling, kisha ukapanda basi la wakati ule, namba 84, kwenda kusini, unafika Macalester, wanafunzi kama 2,000, chuo unachoweza kukizunguka chote kabla ugali haujaiva.

Kwa Mama hapakuwa na mjadala. Kile kikubwa kina shule ya uuguzi tangu mwaka 1909. Kile kidogo hakina uuguzi. Basi. Mama alikuwa anaosha wazee zamu ya usiku, na tofauti ya anayeosha na anayeandika kwenye faili aliijua vizuri kuliko mshauri yeyote wa masomo. "Nesi hupata hata muda wa kukaa kitako," alikuwa akisema, na hilo lilimtosha.

Halafu kulikuwa na Mjomba, kutoka Kisauni, Mombasa, kwa simu.

"Umeitwa kusomea nini?"

"Bado sijachagua, Mjomba. Pale unachagua somo lako kuu mwisho wa mwaka wa pili."

"Wao hawajakuchagulia?"

"Hawachagui wao."

Kimya. Nikasikia redio yake. "Na mnalipa?"

Simlaumu. Kenya barua ya chuo inakuja na kozi imeshaandikwa, udaktari ni udaktari, ualimu ni ualimu, na mtoto wa jirani anajua utakuwa nani kabla hujapakia sanduku. Kumweleza mtu wa nyumbani kwamba kuna vyuo ambavyo mtu anaonja fizikia asubuhi na historia ya Uchina jioni, kisha miaka miwili baadaye ndipo aseme anataka kuwa nani, ni kumwambia kwamba mtoto anakwenda kutembea.

Mambo ya pesa nayataja haraka kwa sababu najua kuna wazazi wanasoma hapa. Bei iliyoandikwa siyo bei. Macalester mwaka ule ilikuwa karibu dola 60,000 kwa mwaka ukijumlisha chumba na chakula. Kile kikubwa, kwa mkazi wa jimbo, ada yake ilikuwa dola 13,000 na ushei, kabla ya malazi. Mama alipoona tarakimu ya kwanza alicheka hadi akakohoa. Lakini chuo kidogo kile kikikukubali huangalia mfuko wa mzazi na kuziba pengo, na barua za misaada zilipokuja, kidogo kikawa nafuu kuliko kikubwa. Siyo kwa mbali, lakini nafuu. Mama aliisoma barua hiyo upande wa mbele, akaigeuza, akatazama nyuma kulikokuwa kweupe. "Hawa wanataka nini kwetu?"

Tulianza na kikubwa. Mama alitoka kazini akaoga akavaa vizuri. Tukaingizwa kwenye ukumbi wa kemia, mamia ya viti vimepanda kwenda juu, mwalimu mdogo kule chini anaongea kwenye kipaza sauti. Mama akakaa safu ya mwisho na kulala usingizi wa haki mpaka watu walipoanza kufunga mabegi. Hakuna aliyegeuka. Baadaye tukaonyeshwa njia za chini ya ardhi zinazounganisha majengo ili watu wasitembee kwenye baridi, na hapo ndipo Mama alipotoa hukumu: "Hawa wana akili."

Siku ya Macalester hakupata nafasi ya kuoga. Zamu ilichelewa kwisha, akapanda treni na sare yake ya kazini, ile ya buluu yenye madoa ya klorini, akaifunika kwa koti. Theluji ya Aprili, ile isiyo na haya, ilikuwa inaanguka. Mwanafunzi aliyetutembeza alituonyesha bendera ya Umoja wa Mataifa inayopepea pale tangu 1950, na akatupa hadithi ya Kofi Annan, ambaye alimaliza pale 1961: alipokuja kutoka Ghana alikataa kuvaa vifunika masikio kwa sababu aliviona vibaya, mpaka siku baridi ilipokaribia kumwondolea masikio, akaenda kununua vikubwa kuliko vyote dukani. Mama akasema kwa Kiswahili, bila kumtazama kijana wa watu, "Kofi Annan alikuwa na akili zake. Wewe je?"

Kisha tukaingia darasani.

Kilikuwa chumba cha kawaida, meza moja ndefu, wanafunzi hawafiki kumi na watano wameizunguka. Nilidhani tutawekewa viti vya ukutani. Mwalimu, mwanamke mwenye mvi alizozikata fupi, akasogeza mkoba wake na kutuonyesha nafasi mbili pale pale mezani. Mama akakaa. Koti hakulivua, na nilijua kwa nini.

Lilikuwa darasa la falsafa, na siku hiyo walikuwa kwenye uongo. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1797: muuaji anabisha hodi kwako, anamtafuta rafiki yako ambaye umemficha ndani, anakuuliza yumo au hayumo. Kant anasema hata hapo usidanganye. Walikuwa wanalivuta jambo hilo huku na huku. Mmoja anasema atanyamaza. Mwingine anamwambia kunyamaza nako ni jibu. Mama alikuwa anapigana na usingizi, anajifinya kidole gumba chini ya meza, desturi yake hata kwenye misiba. Nikaona baada ya muda ameacha kujifinya.

Mwalimu naye akaona. "Mgeni wetu ana neno?"

Nikatazama meza.

"Huyo muuaji simjui," Mama akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mimi namjua mzee mmoja." Akawaeleza. Kila usiku, saa nane hivi, mzee huyo huamka kumtafuta mkewe. Mkewe alikufa zamani. Wasichana wapya wa kazi humwambia ukweli, basi mzee hulia kana kwamba msiba umeingia sasa hivi, na kesho usiku, saa ile ile, anafiwa tena. "Mimi namwambia ameenda dukani. Ananiuliza ataleta nini. Namwambia mkate. Analala."

Hakuna aliyeandika kitu.

"Na akikuuliza kama unamdanganya?" mwalimu akasema.

"Hajauliza."

"Akiuliza?"

Mama akafikiri. "Nitamuuliza anataka mkate gani."

Wakacheka, na Mama akacheka nao, na nikamwona ananyoosha mgongo kidogo. Isipokuwa kijana mmoja wa miwani, upande wa pili wa meza, hakucheka. Hakuwa na kiburi, nasema hivyo kwa sababu Mama baadaye alimfanya awe nacho. Aliinua kalamu kidogo. "Samahani. Wewe mwenyewe ukifika umri huo, ukasahau, ungetaka kufanyiwa hivyo?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Mkono ukapanda kwenye kifungo cha juu cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Kipasha joto kilikuwa kinapiga mluzi chini ya dirisha. Kwetu mtu mzima akikwama hivyo, lazima atokee mtu wa kubadilisha mazungumzo, aulize chai, aseme mvua. Pale hakutokea mtu. Mwalimu hakumwokoa, wala hakumharakisha. Walikaa tu wote wanamngoja mwanamke aliyevaa koti ndani ya nyumba, na walikuwa wanataka kujua kweli. Mimi niliyeishi naye maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kusikia habari za mkate.

"Sijui," akasema mwishowe.

"Asante," akasema mwalimu, na wakaendelea.

Kwenye basi Mama alikuwa moto. "Umeona? Pale hapana pa kujificha. Mtoto mdogo ananiuliza habari za uzee wangu, kwani mama yake yuko wapi? Na siri ya mzee wangu nimeimwaga mezani kwa watu wasionihusu." Akafuta kioo kwa mkono wa koti. "Kule kwingine nililala, hakuna aliyeniuliza kitu. Mtu anasoma, anachukua karatasi yake, anakwenda zake. Hiyo ndiyo shule."

Sikubisha. Mimi mwenyewe nilipita sekondari nzima kutokea kiti cha nyuma, na meza ile ilinitisha. Siku zilizofuata kila mtu alisema lake, msikitini, dukani, kwa simu, na karibu wote walisema uuguzi. Nikaandika orodha ya faida na hasara kama nilivyofundishwa, pande zote mbili zikatoka sawa, nikaitupa.

Mei mosi ndiyo siku ya mwisho ya kuchagua na kulipa amana. Asubuhi hiyo Mama alitoka kazini, akasimama mlangoni kwa chumba changu bila kuvua viatu, jambo asilofanya.

"Yule kijana," akasema.

"Kijana gani?"

"Wa miwani. Ukienda kule mwambie, ndiyo, ningetaka. Lakini mwongo wangu nimchague mwenyewe."

Akanitazama kidogo, akaenda kuoga. Maji yalipoanza kumwagika nilifungua kompyuta na kuichagua Macalester. Nilijiambia, mtu aliyeichukia meza ile kiasi hicho, na bado amezunguka nayo usiku kucha akiwageuza wazee, ameshanipa jibu.

Septemba nilimtafuta yule kijana. Alikuwa wa mwaka wa mwisho, ameshamaliza na kuondoka. Kwa miaka miwili watu wa msikitini walimuuliza Mama binti anasomea nini, naye akawajibu, "Bado anaangalia," kwa uso mkavu. Mwishowe nilichukua jiografia. Sasa nachora ramani za mabomba ya maji ya mji mmoja usiojulikana, nalipwa vizuri, na Mjomba huwaambia watu mimi ni injinia.

Lakini asubuhi ile ya Mei mosi imeanza kunichanganya. Wakati ule nilisikia ruhusa. Siku hizi, nikikumbuka alivyonitazama, sina hakika kama hakuwa ananiomba mimi niwe huyo mtu wa saa nane za usiku, na mimi nikaenda kubonyeza kitufe cha chuo kisicho na uuguzi. Mama amestaafu, akili zake timamu, alhamdulillahi, na bili zote za nyumba anazijua kwa kichwa. Mwaka jana nilimuuliza alimaanisha nini. Akasema hakumbuki kusema maneno hayo. Namba ya basi anaikumbuka. Theluji anaikumbuka. Bei ya chai tuliyokunywa Snelling anaikumbuka mpaka senti, na bado anailalamikia. Hilo tu ndilo hakumbuki.