Johnny Cage hakustahili kufa mapema vile

Tangu Jumamosi iliyopita nimeulizwa na watu wengi, sokoni, kwenye daladala, hata kanisani, kwamba mimi niko upande gani, wa wanaoisifu au wa wanaoiponda sehemu ya pili ya Mortal Kombat tuliyoonyesha siku hiyo. Naandika hapa kwa kirefu, maana siku ya picha nakuwa mlangoni napokea viingilio na siwezi kubishana vizuri huku nahesabu chenji.

Kwa wasionijua: mimi na mume wangu tuna banda la kuonyesha mpira huku Pasua, Moshi. Siku ambazo hakuna mechi tunaweka picha, na picha za ngumi ndizo zinazojaza mabenchi. Safari hii Ijumaa tuliweka Mortal Kombat ya 1995, Jumamosi tukaweka mwendelezo wake wa 1997, Mortal Kombat: Annihilation. Ijumaa watu walitoka wanarushiana mateke ya hewani barabarani. Jumamosi walitoka wanagombana, na ugomvi wenyewe haujaisha mpaka leo.

Nianze na swali la meku mmoja, yaani mzee, fundi viatu, kwa sababu ndilo lililoniingia kichwani kuliko yote. Aliangalia dakika chache za mwanzo, akageuka akaniuliza kwa sauti ambayo banda zima lilisikia: "Mama, jana si walishinda? Sasa hawa wamekuja kufanya nini?"

Picha ya kwanza ilitupa sheria iliyo wazi. Shao Kahn ni mtawala wa ulimwengu mwingine, na ulimwengu wake hauruhusiwi kuiteka dunia mpaka wapiganaji wake washinde mashindano kumi mfululizo. Wameshashinda tisa. Hilo la kumi ndilo linalotuweka roho juu picha nzima, na stelingi wetu Liu Kang anapomshinda Shang Tsung, mchawi wa Shao Kahn, tunajua dunia imepona. Mwendelezo unaanza palepale: mbingu zinapasuka, Shao Kahn anashuka na jeshi lake, tunaambiwa amemfufua Malkia Sindel, mama yake Kitana, yule binti mfalme aliye upande wa Liu Kang, na kwa njia hiyo mlango umefunguka. Tunaambiwa pia zimebaki siku sita dunia imezwe. Basi, sheria imekufa. Meku hakuridhika hata tulipomweleza habari za Sindel. Alisema tu kwamba kama mshindi hapati alichoshindania, yeye haoni sababu ya kumshangilia tena. Sijasikia mtu akiichambua picha hii vizuri kuliko yeye.

Halafu akafa Johnny Cage.

Nataka mwelewe ukumbi ulivyokuwa. Ijumaa, Johnny Cage ndiye aliyependwa kuliko wote. Ni mwigizaji wa sinema, magazeti yanamwita mwongo, yanasema ngumi zake ni za kuigiza, naye anakwenda kwenye mashindano kuthibitisha kwamba anaweza kweli. Alipompiga Goro, lile jitu la mikono minne, sehemu ile isiyotajwa mbele ya watoto kisha akatimua mbio, akina dada wanaouza chipsi nje waliacha majiko wakaja kuchungulia kuna nini. Alipomaliza kazi na Scorpion, mpiganaji wa Shang Tsung, akaacha pale picha yake yenye sahihi, kijana mmoja wa bodaboda alisimama juu ya benchi. Sasa Jumamosi, watu hawajakaa vizuri, wengine bado wanahangaika na kiingilio mlangoni, Shao Kahn anamvunja shingo mbele ya wenzake. Sikusikia kelele. Nilisikia mtu mmoja tu akisema, "Huyu naye ni Johnny?"

Maana sura yenyewe ilikuwa nyingine. Linden Ashby, aliyecheza ya kwanza, hayupo. Kawekwa Chris Conrad. Sonya, askari wa kike aliye upande wa Liu Kang, alikuwa Bridgette Wilson, sasa kawa Sandra Hess. Raiden, mungu wa radi anayewalinda, alikuwa Christopher Lambert, sasa kawa James Remar, na mbele ya safari anaacha uungu wake na kutokea na nywele fupi, jambo lililowafanya wengine wasimtambue kwa mara ya pili. Kati ya wale wakubwa waliobaki ni Robin Shou, Liu Kang wetu, na Talisa Soto aliye Kitana. Keith Cooke naye alirudi, ila ya kwanza alikuwa Reptile na ya pili kavaa mavazi ya Sub-Zero, kwa hiyo hakuna aliyemjua.

Kijana mmoja wa kidato cha nne alinipa hoja ya maana. "Aunt, stelingi hafi, lakini rafiki wa stelingi lazima afe ili stelingi apate hasira." Ni kweli, hiyo ndiyo kanuni tuliyokua nayo sote. Lakini mdogo wangu, rafiki wa stelingi hufa katikati, tukishakula naye na kucheka naye, na hasira yake tunaiona mpaka pambano la mwisho. Hapa Sonya analia kidogo, safari inaendelea. Ukimtoa Johnny kwenye picha hii yote hakuna kinachobadilika, na kifo kisichobadilisha kitu kinamdhulumu aliyekufa na kumdhulumu mtazamaji.

Msimamo wangu ni huu: mtu anayerudi kutazama sehemu ya pili anarudi kwa ajili ya watu. Waliotengeneza picha hii walidhani tunarudi kwa ajili ya ngumi, wakaongeza ngumi na kupunguza watu.

Hesabuni wenyewe wanaotokea. Jax na mikono yake ya chuma, Nightwolf, Jade, Sindel, Motaro, Sheeva, Cyrax, Mileena, Rain, Baraka. Wanaocheza gemu waliruka kwa furaha kila jina lilipotokea, na nawaelewa. Gemu hili, ambalo picha hizi zimetokana nalo, limekuwepo tangu 1992, lilipotolewa na Midway, kazi ya Ed Boon na John Tobias, na mtoto aliyemchagua Jax kwenye PlayStation miaka yote ana haki ya kumwona akitembea. Ila wengi wao wanauza sura tu na kuondoka. Scorpion anatokea, anapigana na Sub-Zero, anamnyakua Kitana, na baada ya hapo hatumwoni tena. Sheeva ndiye aliyeniuma. Mwanamke mwenye mikono minne, mmetusubirisha, mmempa vitisho, tumekaa tunangoja aikunjue mikono yote minne. Anaangukiwa na tundu la chuma, anakufa. Hajarusha hata ngumi moja ya maana! Wasichana waliokaa mbele waliguna kwa pamoja, na mimi niliguna nao.

Linganisha na pambano la Liu Kang na Reptile kwenye ile ya kwanza. Nimeliangalia mara nyingi na bado nanyanyuka. Mjusi anaingia ndani ya sanamu, sanamu linageuka mtu, na kuanzia hapo ni wawili tu ndani ya chumba chakavu. Kamera inakaa mbali kiasi cha kutosha kuona miguu na mikono yao wote wawili. Teke likitoka, unaona linakotoka na linapotua. Liu Kang anapigwa, anarushwa, na anayerushwa unamjua: ni kijana ambaye mdogo wake aliuawa na Shang Tsung, anayebeba lawama ya kutokuwepo siku ile. Kwa hiyo anapojikusanya na kumaliza kwa lile teke la baiskeli, miguu ikizunguka kifuani kwa mwenzake, furaha inayotoka si ya teke peke yake.

Jirani yetu anayefundisha karate watoto wa mtaani alisema kitu ambacho sikukiwazia. Kwamba kwenye ya pili wapiganaji ni wazuri vilevile, pengine hata warukaji zaidi, ila picha inakatwa kabla pigo halijafika, kisha tunaonyeshwa mtu tayari anaanguka. Nilirudia vipande kadhaa baada ya watu kuondoka na nikaona anachosema. Robin Shou ni mtu wa wushu hasa, ile sanaa ya mapigano ya Kichina, amepitia picha za Hong Kong kabla ya hizi, na mwili wake hausemi uongo. Kumkata katikati ya mzunguko ni hasara.

Na kuna jambo niliwaambia waliobaki, wakanyamaza: kati ya waliofanya kazi ya hatari badala ya Robin Shou kwenye picha hii ya pili alikuwa kijana wa Thailand ambaye wakati huo hakuna aliyemjua, Tony Jaa. Ndiyo, yuleyule wa Ong-Bak ya 2003, ambaye bandani kwetu hana mpinzani. Kwa hiyo wanaosema picha nzima ni takataka, naomba wapunguze ukali. Kuna jasho la watu humo. Mandhari nayo ni ya kweli, walisafiri mpaka Jordan na Wales, na ukiiangalia kwa ajili ya mandhari hutajuta.

Fedha nayo ilitumika. Ya pili iligharimu takriban dola milioni 30, zaidi ya ile ya kwanza, na ikaingiza kama milioni 51, wakati ya kwanza ilipita milioni 120. Kiti cha mwongozaji kilitoka kwa Paul W. S. Anderson kikaenda kwa John R. Leonetti, aliyekuwa mpiga picha wa ile ya kwanza. Fedha ilikuwepo na macho ya kupiga picha yalikuwepo.

Kuhusu mwisho, pale Liu Kang anapogeuka joka na Shao Kahn kuwa nyoka wa vichwa vingi, sina mengi. Watoto wadogo waliipenda. Wakubwa walianza kutafuta viatu vyao chini ya mabenchi, na hilo kwa mwenye banda ni jibu tosha.

Aliyenipinga kwa nguvu kuliko wote ni kijana anayepakia mizigo pale Mbuyuni. Yeye anasema ya pili ni bora, na hakusema kwa mzaha. "Dada, mimi nikitoka kazini nimechoka. Ya kwanza wanaongea sana kwenye meli. Hii wanachapana tangu mwanzo." Nimelifikiria hilo siku zote hizi na siwezi kumwambia amekosea. Mtu aliyebeba magunia kutwa ana haki ya kuomba picha isiyompa kazi nyingine. Nilichomuuliza ni kimoja tu: pambano gani analikumbuka? Alitafakari, akataja la Goro. Goro ni wa Ijumaa.

Naona hata wenyewe wenye hadithi wamelielewa hili kwa kuchelewa. Ile ya 2021 ya Simon McQuoid ilimwacha Johnny Cage nje, ikaishia kumdokeza tu mwishoni, watu wengi wakalalamika, na kwenye mwendelezo wake wamempa nafasi hiyo Karl Urban. Dada mmoja wa chipsi kaniambia siku tukiuweka huo mwendelezo atalipa kiingilio, akae ndani kama watu wengine, ila nimhakikishie kwanza kwamba Johnny anafika angalau nusu ya picha.

Hiyo ya 2021 tutaiweka mwezi huu, siku isiyo na mechi. Annihilation nitairudisha kwa atakayeniomba, na yule kijana wa Mbuyuni ameshaniomba. Wanaopinga njooni pia, ila mje mapema, maana safari hii sitaki mtu awe mlangoni anatafuta chenji wakati Johnny Cage bado yuko hai.