Siku Moja Maishani Mwangu: Katibu wa Klabu na Ufunguo wa Stoo

Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ina jumbe kumi na moja, na zote zinahusu ufunguo wa stoo. Kocha wa vijana alifunga mlango jana jioni, akaukabidhi ufunguo kwa mama wa mchezaji mmoja, naye akampa kipa wa timu ya wakubwa, ambaye leo hatakuwapo. Mimi ni katibu wa klabu ya mpira wa miguu isiyomlipa mtu yeyote, na siku ya mechi kazi yangu huanza kwa kuusaka ufunguo huo. Kabla sijaupata nimezungumza na watu watatu, nikajua kwamba mtoto wa mmoja wao aliugua usiku na kwamba mwingine ameanza kazi mpya iliyo mbali. Kama mlango ungejifungua wenyewe, nisingeyajua hayo.

Saa moja na nusu tunatoa mipira, koni na vizibao. Vizibao hufuliwa kwa zamu, na orodha ya zamu imebandikwa nyuma ya mlango. Anayesahau zamu yake hatozwi faini. Hukuta tu wenzake wakivaa vizibao vyenye tope, na hilo humtosha. Katika makala yake ya mwaka 1988, mwanasosholojia James Coleman aliueleza mtaji wa kijamii, yaani manufaa ambayo watu huyapata kutokana na mahusiano yao, kwa mambo matatu: wajibu na matarajio baina ya watu, njia za kupashana habari, na kanuni ambazo anayezivunja huadhibiwa. Mimi huyaona yote matatu kwenye kapu la nguo chafu, ingawa nakiri kwamba mfuaji wa leo hajawahi kulisikia jina la Coleman wala halihitaji.

Saa tatu watoto wanaingia uwanjani. Kwa Jumamosi tatu mfululizo baba mmoja amekuwa akisimama peke yake nje ya uzio, macho kwenye simu, akisubiri mwanawe amalize. Leo mshika kibendera wetu amechelewa. Ningeweza kukishika mwenyewe, lakini nilimwendea nikamwambia, "Samahani, mzee, unaweza kutushikia hiki mpaka mapumziko? Ni kuonyesha tu mpira ukitoka." Alikitazama kile kibendera kana kwamba nimempa mtoto mchanga wa watu. Baada ya dakika kumi alikuwa akikimbia pembezoni mwa mstari, na mapumziko yalipofika nilimkuta akibishana na wazazi watatu kuhusu mpira wa kurusha, kila mmoja akichora mstari wake hewani kwa kidole. Kibendera hakukirudisha. Nimekuwa katibu kwa muda wa kutosha kujua kwamba tangazo la "tunahitaji watu wa kujitolea" halimleti mtu, ilhali ombi dogo, lenye mwisho unaojulikana, likielekezwa kwa mtu mmoja anayetazamwa usoni, hukataliwa kwa nadra sana.

Saa nane ilikuwa zamu ya wakubwa. Tulifungwa mabao mawili kwa moja, na sina la kuongeza.

Saa kumi, watu wanapovua viatu, ndipo ninapotega sikio. Beki wetu wa kushoto, ambaye hana kazi, alikuwa akielekezwa na mchezaji wa timu ya maveterani mahali wanapotafuta fundi. Hawa wawili si marafiki; hukutana hapa tu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba mahusiano hafifu ya namna hii ndiyo hasa huleta habari mpya, kwa kuwa mara nyingi rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Lakini mahusiano hayo hayazaliwi kwa kucheza tu. Mwanasayansi wa siasa Robert Putnam alibainisha kwamba kati ya mwaka 1980 na 1993 wacheza boling, mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini, nchini Marekani waliongezeka kwa asilimia 10 huku wanaocheza katika ligi wakipungua kwa asilimia 40: mchezo ulikuwa ule ule, lakini mazungumzo ya kusubiri zamu pamoja na wenzako wa kila wiki yalikuwa yanapotea.

Saa kumi na mbili jioni kamati inakaa. Tuko saba, na watano kati yetu tumecheza pamoja tangu ujanani. Mwenyekiti alitaja jina la utani la mchezaji wa zamani, tukacheka. Mjumbe mpya kutoka timu ya wanawake alicheka pia, ila kwa kuchelewa kidogo, akitutazama nyuso ajue kicheko kinahusu nini. Hapakuwa na aliyemweleza. Niliona, nikaendelea kuandika, na jambo hilo linanikera hadi sasa. Ukaribu wetu uliojenga klabu ndio ule ule unaomweka yeye mlangoni, na wala si kwa sababu kuna anayemchukia.

Mweka hazina alisoma hesabu za mwezi, kisha akazungusha risiti mkono kwa mkono, hata ile ya kamba za neti. Hafanyi hivyo kwa sababu tunamshuku. Tunamwamini kwa sababu hajawahi kuacha kufanya hivyo, na mjumbe mpya alizisoma risiti moja baada ya nyingine, akauliza maswali mawili mazuri kuliko yetu sote.

Hoja ya mwisho ilikuwa ya mjumbe huyo mpya: tuweke kufuli la namba, ili watu waache kusumbuana alfajiri. Nilipinga. Nilisema kwamba kusumbuana huko ndiko kunakotufahamisha nani mgonjwa na nani amehama. Alinijibu kwa upole kwamba katika miezi minne hajawahi kukabidhiwa ufunguo huo hata mara moja, kwa hiyo habari hizo hazimfikii. Sikuwa na jibu.

Saa tatu usiku naandika muhtasari. Hoja imepita kwa kura nne dhidi ya tatu, na katibu ameagizwa kununua kufuli kabla ya Jumamosi ijayo.