Nilivyoacha lumbesa

Wenzangu kanisani huniuliza nimewezaje kuacha lumbesa na bado naendelea kuuza viazi. Ni swali zito, maana huku kwetu Njombe viazi mviringo ndivyo vinavyosomesha watoto, na mnunuzi asiyejaza lumbesa anaonekana hajui biashara.

Kwa asiyeijua: gunia likishajaa halifungwi. Mdomo wake unaongezewa wavu, viazi vinaendelea kupangwa kimoja kimoja hadi kitokee kichwa kikubwa juu, ndipo kamba inapitishwa. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hilo la lumbesa ukiliweka kwenye mizani linasoma 130 na zaidi, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Nauli ya lori na ushuru navyo vinahesabiwa kwa gunia, kwa hiyo mnunuzi anapata faida kila mahali, na anayebeba hasara ni yule aliyelima na kupalilia.

Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri. Kila Jumapili tunaungama dhambi pamoja, kisha mchungaji anatutangazia msamaha. Kwaresma moja nilipangiwa kusoma somo, Amosi sura ya 5: “Niondolee kelele ya nyimbo zako; kwa maana sitaki kuzisikia sauti za vinanda vyako. Lakini hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu.” Nilipoinua macho niliwaona akina mama wa benchi la tatu, wale wale walioniuzia viazi wiki ile. Kwaya ikasimama kuimba. Mimi sikuimba. Nyumbani niliendelea hadi sura ya 8, kwa wale wanaongoja sabato iishe wakapunguze efa, kipimo cha nafaka cha wakati ule, na kudanganya watu kwa mizani. Hapo hapakuhitaji mhubiri.

Nilimwendea mchungaji. Sikutaka kuambiwa kwamba biashara ndivyo ilivyo, na namshukuru Mungu hakuniambia hivyo. Alinikumbusha kwamba tunahesabiwa haki kwa imani, kwa neema, na hakuna mizani itakayoninunulia wokovu. Kisha akaniuliza: “Mzee, sasa wale uliowapunja utawafanyaje?” Nadhani makanisa yetu mengi yanaruka swali hilo. Tunamwombea mfanyabiashara, tunapokea sadaka yake nono, na mkulima aliyemlisha anakaa benchi la nyuma.

Kwanza nilinunua mizani na kuhakikisha ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Nikaanza kununua kwa kilo, mkulima akisimama pale pale na kusoma mwenyewe. Wapakiaji hawakunipinga kama nilivyoogopa: wanalipwa kwa gunia, na magunia yakiwa madogo yanakuwa mengi, tena hayavunji mgongo. Ugumu ulikuwa Dar es Salaam. Dalali aliliangalia gunia langu la kilo 100 likiwa katikati ya milima ya wenzangu, akanipa bei ya chini. “Kaka, hili nani atalinunua?” Mzigo ule niliuza kwa hasara, na uliofuata pia.

Kilichoniokoa ni kuachana na bei ya gunia hata kule sokoni. Nilizunguka kwa wakaanga chipsi na mama ntilie, na kwenye shule moja ya bweni, watu wanaojua kilo moja ya viazi inatoa sahani ngapi. Hao wanataka uzito wa kweli na viazi visivyopondeka. Lumbesa inaponda viazi vya chini, na muuza chipsi analijua hilo kuliko dalali yeyote. Faida yangu ni ndogo kuliko ya zamani, siwezi kusema vinginevyo. Nyumba tuliyokuwa tunajenga ilisimama kwenye lenta muda mrefu, na mke wangu alilibeba jambo hilo pamoja nami bila lawama.

Kuhusu waliopunjwa, Zakayo alirudisha mara nne. Mimi sikuwa na uwezo huo. Nilipitia daftari langu la manunuzi, nikakadiria kilo zilizozidi, nikaanza kulipa kidogo kidogo kila baada ya mauzo. Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, “Mwanangu, nilikuwa najua. Kila nikiwaona mnashona ule wavu nilikuwa najua. Ningemwambia nani?” Alizipokea zile pesa, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akaniuliza kama nimekula. Neno lake lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tangu hapo ungamo la Jumapili silisemi kwa mazoea. Jumamosi jioni nakaa na daftari na Biblia mezani, naangalia wiki yangu: nani bado namdai, nani ananidai, kibarua gani nimemcheleweshea ujira. Nikikuta jambo, na mtu yuko karibu, namfuata usiku ule ule. Nikifika kanisani naomba kwa majina. Na nikisikia “dhambi zako zimeondolewa”, nalia mara nyingine, kwa furaha, kwa sababu najua ni zipi.

Msimu huu kikundi cha wakulima wa kijiji tunachonunulia wamechangishana, wamenunua mizani yao wenyewe. Mnunuzi yeyote akifika, mimi nikiwemo, anapima kwa ile ya kwao.