Ruzuku ya Safari Inayolipwa Baada ya Safari

Mkutano wenyewe na mji ulikofanyika nitauacha bila jina, kwa sababu bado nawadai.

Barua pepe ilianza na "Hongera". Muhtasari wa utafiti wangu umekubaliwa, nitaonyesha bango kwenye mkutano wa kimataifa wa majeraha ya ubongo, nimepewa ruzuku ya safari ya wanafunzi, na jina langu limo kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya utafiti bora wa mwanafunzi. Nikampigia msimamizi wangu, nikawapigia na watu wa nyumbani, ambao hawakuelewa ni tuzo ya nini lakini walishangilia vilevile. Aya ya mwisho niliifikia baadaye, shangwe ikiwa imeshatulia. Ilisema ruzuku italipwa baada ya mkutano, kwa atakayewasilisha risiti halisi, pasi za kupandia ndege na cheti cha kuhudhuria.

Yaani ruzuku ya kumsaidia asiye na nauli inamtaka kwanza awe na nauli. Tiketi, viza, bima, kitanda, ada ya usajili (ya mwanafunzi imepunguzwa, sikatai, ila imepunguzwa kutoka juu sana), vyote utoe mfukoni halafu ungoje. Mwenye akaunti nene hasikii kitu. Sisi wengine tunaanza kuzungukia jamaa. Nilikopa kwa msimamizi, nikakopa kwa ndugu, na palipopungua nikaziba kwa akiba iliyokuwa na kazi nyingine kabisa. Ya viza sitaki hata kuyakumbuka. Nilipeleka barua ya mwaliko, barua ya chuo na barua ya ruzuku, na bado karani akaniuliza ni nani hasa anayelipia safari hii. Nilitamani kumwambia kwamba hata mimi nangoja kujua.

Bango nililichapisha kabla ya kuondoka, nikaliviringisha ndani ya bomba la plastiki lenye mkanda wa begani. Watu wa mikutano hii hutambuana viwanjani kwa bomba hilo. Ndege ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Ya pili, mlangoni kabisa, mhudumu alilitazama kama nimebeba bunduki. Refu mno, akasema, haliingii juu. Nikamwonyesha abiria aliyenitangulia akiwa na gita mgongoni. Akasema gita ni chombo cha muziki. Mbele ya hoja kama hiyo unafanyaje? Bomba likabandikwa kikaratasi, likashushwa kwenda kukaa na mizigo, nami nikaambiwa nitalikuta mwisho wa safari.

Begi langu lilitoka. Likatoka gita. Watu wakachukua vyao wakaondoka, mkanda ukaendelea kuzunguka mtupu, halafu ukazimwa.

Kwenye dirisha la mizigo iliyopotea wana karatasi yenye michoro ya aina zote za mizigo, ili msafiri aonyeshe kwa kidole kilichofanana na chake. Masanduku ya magurudumu yapo, ya ngozi yapo, kigari cha mtoto kipo. Bomba la bango halipo. Karani alihangaika kidogo, kisha akaandika "fimbo za gofu". Akaniuliza thamani ya kilichomo. Nikamwambia ni karatasi moja. Akaandika sifuri. Ile karatasi moja ilikuwa na matokeo yote ya utafiti wangu, miezi ya kuketi na simu sikioni nikitafuta watu waliotoka wodini na vichwa vilivyofungwa bendeji. Nilijaribu kumweleza, lakini nyuma yangu palikuwa na familia nzima isiyo na nguo za kubadilisha, na nikaona aibu.

Duka la uchapishaji la jirani na ukumbi lilinitajia bei ya kuchapa bango kwa haraka. Ilizidi kodi ya kitanda changu kwa siku zote za mkutano, na kitanda chenyewe kilikuwa cha juu, chumba cha watu wanane, na wa chini yangu akikoroma mpaka chuma kinatetemeka. Nikakata shauri. Mapokezi walikuwa na mashine ndogo ya kuchapa tiketi za wageni. Nilikaa na kompyuta, nikalikata bango langu vipande kumi na sita vya karatasi ya kawaida, nikabadilisha maandishi ili kila karatasi isimame peke yake, nikanunua selotepu. Asubuhi nikayabandika ubaoni. Kushoto kwangu palikuwa na bango la kitambaa, limenyooka, rangi zimekolea, ubongo wa panya umekatwa vipande na kung'aa kijani na nyekundu. Langu lilionekana kama matangazo ya nyumba za kupanga.

Majaji wa tuzo walikuja wawili. Mmoja aliuliza kuhusu takwimu, mwenzake akatazama saa. Walinishukuru wakahamia kwa panya.

Utafiti wangu hauna picha za kung'aa. Unauliza tu: mtu aliyeumia kichwa, miezi sita baada ya kutoka hospitalini, anaishije? Ukubwa wa jeraha siku ya kwanza hupimwa kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, mji wa Uskoti, ambacho madaktari Teasdale na Jennett walikitoa mwaka 1974: unatazama macho, maneno na mwendo wa viungo, unajumlisha kutoka 3 hadi 15. Kinachokuja baadaye kina kipimo chake, nacho kilizaliwa Glasgow, Jennett akiwa na Bond, mwaka 1975. Toleo lake refu lina ngazi nane, kuanzia kifo hadi kupona vizuri, na maswali yake ni ya maisha ya kawaida. Unaweza kutoka peke yako? Umerudi kazini? Kuna ugomvi nyumbani ambao zamani haukuwepo? Mgonjwa akishindwa kujibu, ndugu anaruhusiwa kumjibia. Na mambo haya, ukiwa huna fedha za kuwazungukia watu majumbani, unayafanya kwa simu.

Wengi hawakupatikana. Namba imefungwa, namba ya mtu mwingine, inaita haipokelewi. Katika mchoro wangu wamo kwenye kisanduku kimoja pembeni, karatasi ya sita kutoka juu, kama inavyofanywa kwenye kila utafiti wa namna hii.

Ndipo akaja yule mzee. Alikuwa na kofia, miwani ya jua ndani ya ukumbi, na vizibo vya masikio. Beji yake haikuwa na cheo wala chuo. Alisimama mbali akiyatazama mabango yangu madogo, kisha akasogea na kuuliza kama anaweza kubandua karatasi moja akakae nayo. Nikamwambia abandue anayotaka. Alianza na ya kwanza. Akatoa kadi ngumu mfukoni, akaiweka chini ya mstari wa kwanza ili asione iliyofuata, akasoma, akaishusha mstari mmoja. Akasoma, akaishusha. Alipomaliza akairudisha ubaoni mahali pake, akachukua ya pili.

Tulihamia chumba cha utulivu, kile ambacho waandaaji hutenga kwenye mikutano ya aina hii kwa ajili ya walioumia ubongo: taa hafifu, hakuna kipaza sauti, viti laini. (Sehemu pekee ya jengo lile iliyokuwa na viti laini, na naona haki.) Alinieleza kwamba aliumia miaka mingi iliyopita, na kwamba mabango makubwa humtesa. Macho hayajui yaanzie wapi, kila rangi inamwita kwa wakati mmoja, na baada ya mawili matatu kichwa kinagoma, hana budi kwenda kulala. Yangu yalimfaa kwa sababu yanashikika mkononi. Hilo lilikuwa sifa au la sikujua, nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa amefika karatasi ya sita.

"Hawa," akasema, kidole juu ya kisanduku, "wako wapi?"

Nikamjibu ninavyowajibu wote, kwamba hawakupatikana kwa simu.

"Kijana, mwaka wangu wa kwanza nilipoteza simu sijui ngapi. Nikiiweka, sikumbuki nimeiweka wapi. Nikinunua nyingine, namba mpya. Ungenipata vipi?"

Akaendelea taratibu, akipumzika kati ya sentensi. Simu aliyokuwa nayo ikilia, alikuwa haipokei. Mtu asiyemwona uso anaongea haraka, anauliza jambo la pili kabla yeye hajamaliza kulikamata la kwanza, na redio ya jirani inaingia katikati. Basi anaiacha ilie. Au mke wake anaichukua, na akiulizwa hali anasema anaendelea vizuri. "Alikuwa anakwambia anachokiomba," alisema. "Hakuwa anadanganya." Kisha akanirudishia karatasi, akasema kisanduku changu hakijajaa watu waliopotea hivihivi. Wamo humo wasahaulifu, waliochoka, waliofukuzwa kazi simu ikakatwa. Wanaopokea kwa salamu ya kwanza na kujibu maswali yote ndio waliopona.

Sijapata uchambuzi mkali kuliko huo, wala kwa majaji wala kwa wahakiki. Kama kisanduku kimejaa walioumia zaidi, basi picha yangu nzima ya kupona ni nzuri kuliko hali ilivyo.

Siku zilizobaki sina la kusema juu yake. Slaidi, kahawa, kubadilishana kadi.

Sherehe ya tuzo ilikuwa jioni ya mwisho. Tuzo ya utafiti bora ilikwenda kwa jirani yangu wa panya, kwa dawa inayopunguza uvimbe wa ubongo. Kazi yake ilikuwa safi, na sikuwa na kinyongo, au nilikuwa nacho kidogo. Ila fani hii imekwisha kudanganywa na panya. Projesteroni, homoni ya uzazi ya kike, iliwaponya wanyama kwenye maabara moja baada ya nyingine, ikapelekwa kwa wagonjwa kwenye majaribio mawili makubwa, moja la watu 882 na jingine la 1,195. Mwaka 2014 yote mawili yalitoa jibu moja, kwamba haisaidii. Kabla ya hapo palikuwa na dawa za steroidi, za kupunguza uvimbe, ambazo madaktari waliwapa majeruhi wa kichwa kwa miaka mingi kwa imani njema, mpaka jaribio la CRASH lilipokusanya wagonjwa 10,008 kutoka hospitali 239. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa asilimia 21.1 walikufa ndani ya wiki mbili, na kati ya wasiopewa asilimia 17.9. Dawa ilikuwa inaua. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu kifo cha wodini kinahesabika. Aliyekufa huna haja ya kumtafuta kwa simu. Kazi ni kwa aliye hai, aliyeketi nyumbani akiiacha simu ilie, na kwa huyo sijaona tuzo ikitolewa.

Sisi wa ruzuku tuliitwa jukwaani kwa pamoja. Tukapeana mikono na mwenyekiti, tukapigwa picha, kila mmoja akakabidhiwa bahasha nzuri yenye nembo ya dhahabu. Mwenzangu aliyesimama kushoto, ambaye naye alikuwa amekopa nyumbani kwao, aliipapasa bahasha akaninong'oneza kwamba ni nene. Tuliifungua tulipofika nyuma ya pazia. Ilikuwa fomu ya madai, kurasa nne, pamoja na maelekezo ya jinsi ya kuijaza.

Niliporudi nilikaa na msimamizi tukabadilisha utaratibu. Sasa kabla ya kupiga simu tunatuma ujumbe mfupi wenye maswali, ili mtu ayasome kwa wakati wake. Tunachukua namba za watu wawili wa karibu siku ya kuruhusiwa, sio moja. Mazungumzo tunayagawa vipande, na tukijibiwa na ndugu tunaomba pia dakika chache na mwenyewe, hata kama ataishia kusema neno moja. Ni kazi maradufu na haina bajeti. Baadhi ya waliokuwa kisandukuni wameanza kupatikana, na kwa niliowasikia hadi sasa mzee hakuwa amekosea. Mama mmoja aliniambia mwanawe amepona kabisa. Nilipoomba kuongea naye akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hatoki chumbani mchana kwa sababu ya jua.

Bomba nalo lilikuja, likiwa limepitia miji ambayo mimi sijawahi kuikanyaga, na kikaratasi cha fimbo za gofu bado kimebandikwa. Bango limekunjamana pembeni tu. Msimamizi anataka tulitundike kwenye korido. Nimemwambia tusubiri, kisanduku cha karatasi ya sita kitabadilika.

Madai yangu yamerudishwa zaidi ya mara moja. Kwanza walitaka pasi ya karatasi ya ndege ya pili, na mimi nilipanda kwa ile ya kwenye simu. Nikapeleka barua ya shirika la ndege. Kisha wakasema gharama za kuchapa hazilipwi mara mbili, nikaeleza kwamba kuchapa kwa mara ya pili kulitokana na bomba, wakajibu bomba ni suala la bima. Ndugu yangu, aliyenikopesha, haulizi, na heri angeuliza. Wiki iliyopita nimewaandikia kamati nikiwashauri wawanunulie wanafunzi wa ruzuku tiketi wao wenyewe, kama wanavyofanya wafadhili wengine, la sivyo wataendelea kuwaleta wale wale wenye uwezo wa kungoja. Wamenijibu kwa adabu kwamba pendekezo litapelekwa kwenye kikao kijacho, na wakanikumbusha kwamba risiti yangu ya kitanda haina muhuri.